Kifuu Si Taka: Makaa ya Nazi, Akiba ya Umeme na Wajibu wa Wasomi

Wahenga wa pwani walinena kuwa maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Kwa miaka mingi methali hii imetumiwa kuwakumbusha waja kwamba ukubwa wa kitu hutegemea anayekitazama. Kilicho haba kwa tajiri huenda kikawa neema tele kwa fukara. Katika maabara za leo methali hiyo imepata maana nyingine ambayo wahenga hawakuikusudia. Kifuu cha nazi kikichomwa kwa ustadi hadi kikawa makaa, na makaa hayo yakatobolewa kwa mvuke mkali, hupata ndani yake vitundu visivyohesabika. Chembe zibebazo umeme huingia humo na kujipanga kwa wingi, mithili ya chungu walioona bahari.

Jambo la kusikitisha ni kuwa katika maeneo yanayostawisha minazi nchini Kenya, kuanzia Kwale na Kilifi hadi Lamu na Tana River, kifuu aghalabu huishia mekoni au jaani. Hali si tofauti sana katika nyanda za juu, ambako maganda magumu ya makadamia hutiwa motoni ili kuchemsha maji ya viwanda vinavyobangua njugu hizo. Wakati huohuo, taifa huagiza kutoka ng'ambo betri na kapasita linazozihitaji. Makala haya yanashikilia kwamba hali hii inaweza na inapasa kubadilishwa. Yanashikilia pia kwamba mabadiliko hayo yatakuwa ya haki na ya kudumu iwapo tu mambo manne yatazingatiwa: ukweli kuhusu uwezo wa makaa yenyewe, haki ya wenye vifuu, usalama wa mazingira, na lugha ambamo maarifa hayo yatatolewa.

Makaa yanavyoweka akiba ya umeme

Ni vyema kwanza kueleza namna makaa yanavyoweza kuhifadhi umeme, kwani wengi huyajua kwa kazi ya kuivisha chakula tu. Betri ya kawaida huhifadhi nishati kwa mabadiliko ya kikemia yanayotokea ndani ya elektrodi zake. Kapasita ya makaa hutumia njia nyepesi zaidi. Elektrodi mbili za makaa hulowekwa katika elektroliti, yaani kiowevu chenye ioni za chaji chanya na za chaji hasi. Umeme unapoingizwa, ioni chanya huvutwa kwenye elektrodi iliyo hasi, nazo ioni hasi huvutwa kwenye elektrodi iliyo chanya. Hujipanga kwenye uso wa makaa bila kuungana nayo. Umeme unapohitajika, huachia na kurudi zilikotoka. Mpangilio huo wa chaji mbili zinazokabiliana huweza kuitwa tabaka pacha, na mwanasayansi Mjerumani Hermann von Helmholtz aliueleza tangu mwaka wa 1853.

Ilichukua zaidi ya karne moja kabla ya wazo hilo kuzaa kifaa. Mnamo 1957, Howard Becker wa kampuni ya General Electric nchini Marekani alipewa hataza ya kapasita yenye elektrodi za makaa ya vitundu. Mwaka wa 1978, kampuni ya NEC ya Japani ilianza kuuza kapasita za aina hii ili zilinde kumbukumbu za vyombo vya elektroniki umeme unapokatika.

Maadamu chaji hukaa kwenye uso wa makaa, uwezo wa kapasita hutegemea upana wa uso huo. Hapa ndipo kifuu kinapojipatia heshima. Gramu moja tu ya makaa mazuri ya kifuu yaliyotayarishwa kwa kapasita huwa na uso wa takriban mita mraba 1,700, ukihesabu kuta za vitundu vyote vilivyomo. Kiwanja rasmi cha kandanda chenye urefu wa mita 105 na upana wa mita 68 kina mita mraba 7,140. Kwa hiyo gramu nne na ushei za makaa hayo, kiasi kinachotoshea kiganjani, zina uso unaolingana na kiwanja kizima.

Hata hivyo, upana peke yake hautoshi. Vitundu vikiwa vyembamba kupita kiasi, ioni haziingii. Vikiwa vipana mno, nafasi hupotea bure. Mnamo 2006 watafiti, wakiwemo Yury Gogotsi na Patrice Simon, walionyesha kuwa vitundu vyenye upana usiofikia nanomita moja, yaani sehemu moja ya bilioni ya mita, vinaweza kuhifadhi chaji nyingi kuliko ilivyodhaniwa, kwa sababu ioni huingia humo zikiwa zimevua viowevu vinavyozizingira. Ugunduzi huu ulibadili lengo la mtengenezaji wa makaa. Kazi yake si kutoboa matundu mengi tu, bali kuyatoboa kwa kipimo.

Kutoka kifuu hadi elektrodi

Utayarishaji wa makaa haya si sihiri. Vifuu husafishwa, hukaushwa na kuvunjwavunjwa. Kisha huchomwa ndani ya tanuri lisiloingiza hewa, kwa joto la nyuzi 400 hadi 700 za Selsiasi. Maji, lami na gesi hutoka, kaboni ikabaki. Kilo 100 za vifuu vikavu hutoa takriban kilo 25 hadi 30 za makaa. Hadi hapo mchoma makaa wa kawaida anaifahamu kazi hii, ijapokuwa huifanya shimoni na pasipo kipimajoto.

Hatua ya pili ndiyo inayoyatofautisha makaa ya kapasita na makaa ya jiko. Huitwa kuamilisha. Makaa hupashwa joto la nyuzi 800 hadi 1,000 na kupulizwa mvuke wa maji au gesi ya kabonidioksaidi. Mvuke huo huila kaboni kidogo kidogo na kuchimba vitundu ndani yake. Kadiri unavyochimba ndivyo makaa yanavyopungua, hata nusu ya uzito au zaidi ikatoweka. Njia nyingine ni ya kemikali: makaa huchanganywa na hidroksidi ya potasiamu, asidi ya fosfori au kloridi ya zinki, kisha hupashwa joto na kuoshwa. Njia hizi mbili zina umri mrefu. Raphael von Ostrejko alizipatia hataza mwanzoni mwa karne ya 20, na wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza makaa ya vifuu na ya kokwa za matunda yalijazwa katika barakoa za kuwakinga askari dhidi ya gesi za sumu. Mnamo 1918 Wamarekani waliombwa kukusanya kokwa za pichi na maganda ya njugu kwa shughuli hiyo.

Baada ya kuamilishwa, makaa ya kapasita huoshwa ili kuondoa majivu na chembe za chuma, kisha husagwa unga laini, huchanganywa na gundi maalumu na masizi ya kupitishia umeme, na kupakwa juu ya karatasi nyembamba ya alumini. Hiyo ndiyo elektrodi.

Si kila mabaki ya mimea yanayofaa kwa kazi hii kwa kiwango kimoja. Kifuu husifiwa kwa kuwa kigumu, kina lignini nyingi na majivu yake ni haba mno. Makapi ya mpunga, yanayorundikana kule Mwea, huacha majivu ya asilimia 15 hadi 20, mengi yakiwa silika ambayo sharti iondolewe. Gugumaji lililovamia Ziwa Victoria ni maji kwa zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi za uzito wake, na likikauka huacha majivu mengi. Kwa hiyo anayedai kuwa kila takataka ya shambani ni dhahabu nyeusi huwapotosha wakulima.

Ukweli kuhusu uwezo

Katika miaka ya hivi karibuni habari za makaa ya mimea zimetangazwa kwa mbwembwe nyingi, kana kwamba gunia la vifuu litamaliza giza lililotanda nchini kote tarehe 25 Agosti 2023, umeme wa taifa ulipokatika. Mbwembwe hizo hazisaidii. Chukua mfano wa kapasita kubwa ya kibiashara yenye uwezo wa faradi 3,000 na volti 2.7. Uzito wake ni takriban nusu kilo. Kwa hesabu ya fizikia ya shule ya upili, nishati yake ni nusu ya faradi hizo ikizidishwa kwa mraba wa volti, yaani jouli 10,935, ambazo ni sawa na watisaa tatu hivi. Betri ya simu ya kisasa huhifadhi watisaa 15 na uzito wake haufikii gramu mia. Itabidi kapasita tano, yaani kilo mbili u nusu, zibebwe ili kulingana na simu moja.

Je, kapasita ina faida gani basi? Kila mpishi wa pwani anajua kuwa moto wa makuti huwaka upesi na kuzima upesi, ilhali kuni ngumu huwaka polepole na kudumu usiku kucha. Hakuna mpishi anayeudharau moto wa makuti. Huutumia mahali pake. Kapasita huchajiwa na kutoa nguvu kwa sekunde, na huweza kurudia kazi hiyo hata mara milioni moja, wakati betri nyingi za lithiamu huchoka baada ya mara elfu kadhaa. Ndiyo sababu inafaa kunasa nishati ya gari linapofunga breki, kuinua mizigo bandarini na kutuliza mtikisiko wa umeme wa upepo na jua. Huko Shanghai, mnamo 2006, mabasi yanayotumia kapasita yalianza kuwahudumia abiria. Yalichajiwa vituoni wakati watu wakipanda na kushuka. Kenya, yenye mitambo 365 ya upepo katika mradi wa Ziwa Turkana yenye uwezo wa megawati 310, ina haja ya moto wa makuti pamoja na kuni ngumu.

Fauka ya hayo, mabaki ya mimea yana njia ya kuingia katika betri zenyewe. Betri za sodiamu, ambazo sasa zimeanza kuuzwa, hutumia kaboni ngumu kwenye elektrodi hasi, na kaboni hiyo huweza kutengenezwa kutokana na vifuu. Sodiamu nayo si ngeni nchini. Ziwa Magadi limekuwa likichimbwa magadi tangu enzi za ukoloni, na magadi ni kaboneti ya sodiamu. Nchi yenye vifuu upande mmoja na magadi upande wa pili haina budi kujiuliza mbona vyote viwili huondoka au huteketea kabla ya kuongezwa thamani.

Wasomi nao wana dhambi yao katika kutia chumvi. Makala nyingi za kitaalamu duniani huripoti faradi kwa kila gramu ya elektrodi nyembamba mno, ambayo uzito wake ni mdogo kuliko wa karatasi ya alumini inayoishikilia. Mnamo 2011 Gogotsi na Simon walionya kuwa vipimo vya namna hiyo huwadanganya wasomaji kuhusu kifaa kamili. Tasnifu inayoishia kwenye takwimu ya kupendeza ya gramu moja, bila kueleza tani moja itagharimu nini na maji machafu yatamwagwa wapi, ni nusu ya kazi.

Taka ya nani?

Neno 'taka' lina hila. Humaanisha kitu kisichotakiwa na mtu, na kwa hiyo kisicho na mwenyewe. Katika mipango ya maendeleo neno hili hutumiwa ovyo: taka za kilimo, taka za mnazi, taka za shamba. Lakini Kiswahili chenyewe hakikukubali kwamba mnazi una taka. Tunda lake lina jina katika kila hatua ya umri: kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi. Nyama iliyokaushwa ni mbata. Mabaki ya kukuna na kukamua tui ni machicha, na kuku huyajua. Maganda ya nje ni makumbi, ambayo huozeshwa na kupigwa hadi yakawa usumba wa kusokotea kamba. Majani ni makuti ya kuezekea. Nacho kifuu kimekuwa upawa wa kupakulia mchuzi, kata ya kutekea maji, vifungo vya nguo na mapambo yanayouzwa kwa watalii. Zaidi ya yote, ni kuni za bure za maskini.

Hili la mwisho ndilo zito. Siku kiwanda kitakapotangaza bei ya vifuu kwa gunia, kilichookotwa bure kitaanza kufungiwa nyuani. Mama aliyekuwa akipikia vifuu vya shamba la jirani atalazimika kununua makaa ya miti au kuingia msitu wa mikoko na shoka. Hapo mradi uliotangazwa kuwa wa kuokoa mazingira utakuwa umeyaumiza kwa mkono wa fukara, na lawama zote zitamwangukia yeye. Vivyo hivyo nyanda za juu: kiwanda cha makadamia kikiuza maganda yake yote, tanuri lake litataka kuni nyingine. Kuita kitu taka hakuondoi kazi ambayo kitu hicho kilikuwa kikifanya.

Pana wanaojibu kuwa soko lina akili zake. Bei ikipanda kila mtu atafaidika. Jibu hili lina chembe ya ukweli. Wenye minazi hupunjwa miaka nenda miaka rudi, na kipato cha ziada kitawafaa. Lakini soko humfaidi mwenye kitu cha kuuza na wala si anayekiokota. Kwa hiyo ni lazima mpango wenyewe umfikirie mwokotaji tangu mwanzo. Njia ipo. Tanuri lililofungwa vyema hutoa gesi zinazowaka, na gesi hizo zikielekezwa ipasavyo hutoa joto la kukaushia mbata au kuchemshia maji. Hivyo sehemu ya joto iliyokuwa ikipatikana kwa kuteketeza kifuu chote huweza kupatikana huku makaa yakibaki. Vumbi na vipande vya makaa visivyofaa kwa elektrodi vinaweza kufinyangwa vidonge vya kupikia na kuuzwa kwa bei nafuu kwa kaya zilizopoteza kuni zake.

Aidha, hatua ya kwanza ya uchomaji ibaki mikononi mwa vyama vya ushirika vya wenyeji. Nchini Sri Lanka, ambako kampuni ya Haycarb ilianzishwa mnamo 1973 na sasa huuza makaa yaliyoamilishwa duniani, viwanda vya aina hii hutegemea makaa yanayochomwa na wachomaji wadogo wadogo vijijini. Mfano huo una funzo na onyo. Funzo ni kwamba nchi ya minazi inaweza kupanda ngazi kutoka kuuza nazi hadi kuuza makaa ya kitaalamu. Onyo ni kwamba uchomaji wa shimoni hutoa moshi wenye monoksidi ya kaboni na methani, na anayeuvuta ni mchomaji, wala si mnunuzi wa kapasita.

Sheria ya nchi tayari imeonyesha njia. Sheria ya Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya 2013 inakataza kuuza nje makadamia na korosho mbichi bila idhini ya waziri, ijapokuwa mwishoni mwa 2023 serikali ililegeza katazo la makadamia kwa muda. Nia ya sheria ni kuwa kazi ya kubangua na thamani yake vibaki nchini. Ganda linalobaki baada ya kubangua ni sehemu ya thamani hiyo. Ni muhali kudai kuwa njugu imeongezwa thamani nyumbani ilhali nusu yake na zaidi, kwa uzito, imegeuzwa moshi.

Kemikali na mito

Katika maabara nyingi makaa huamilishwa kwa hidroksidi ya potasiamu kwa kuwa hutoa uso mpana kuliko njia nyingine, hata kufikia mita mraba 3,000 kwa gramu. Lakini uzuri huo una gharama. Aghalabu kemikali hutumiwa mara tatu au nne ya uzito wa makaa. Huunguza ngozi, hutafuna tanuri, na maji ya kuoshea hutoka yakiwa makali. Kwa mtafiti mwenye gramu kumi, maji hayo hujaa ndoo moja. Kwa kiwanda, ni mto. Pwani ya Kenya ina mikoko, matumbawe na visima vifupi ambavyo haviwezi kustahimili uzembe wa namna hiyo.

Kwa sababu hiyo, busara ni kuanza na mvuke. Makaa ya kapasita yanayouzwa kwa wingi, yakiwemo ya kampuni ya Kuraray ya Japani yanayotokana na vifuu, huamilishwa kwa mvuke, na uso wake unatosha. Iwapo kemikali zitahitajika, watafiti wazitazame zilizo pole zaidi, kama vile kaboneti ya potasiamu. Kemikali hii si ngeni jikoni mwa Wakenya. Katika jamii za Waluhya, majivu ya maganda ya maharagwe huchujwa kwa maji ili kupata musherekha wa kulainishia mboga. Nguvu ya maji hayo hutokana kwa kiasi kikubwa na kaboneti ya potasiamu. Haina maana kuwa sufuria ya nyanya itakuwa kiwanda kesho. Ina maana kuwa mwanafunzi wa kemia anaweza kuanzia kwenye kitu alichokiona, akakipima, akakisafisha na kukiboresha, badala ya kudhani kuwa kila kemikali huzaliwa ndani ya chupa iliyotoka ng'ambo.

Lugha ya tanuri

Huenda msomaji akauliza haya yote yanawahusu nini wapenzi wa Kiswahili. Yanawahusu sana. Kazi ya makaa ni kazi ya watu wengi: anayekusanya vifuu, anayevikausha, anayelisha tanuri, anayepima majivu, anayeosha, anayesaga. Ubora wa elektrodi huamuliwa na mikono hiyo yote. Kifuu chenye unyevu, mchanga au chumvi ya bahari huharibu makaa yote. Mfanyakazi asiyeelewa ni kwa nini hewa isiingie tanurini ataifungua mapema, na makaa yatageuka majivu, au ataivuta monoksidi ya kaboni isiyo na rangi wala harufu na apoteze uhai. Tangazo la hatari ya hidroksidi ya potasiamu lililobandikwa kwa Kiingereza mbele ya kibarua asomaye Kiswahili si tangazo, bali ni kinga ya mwajiri mahakamani.

Wapo wanaoshikilia kuwa Kiswahili hakina istilahi za kazi hii. Dai hili halina mashiko. Lugha inayotofautisha kaa, jivu, masizi, moshi, lami na mkaa haijakosa mahali pa kuanzia. 'Kuamilisha' ni kitenzi chenye udugu na amali na amilifu, na kinaeleza barabara tendo la kukifanya kitu kitende kazi. 'Elektrodi', 'ioni', 'kapasita' na 'faradi' zimetoholewa, kama zilivyotoholewa katika lugha nyingi duniani. Tangu 1990, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Kinachokosekana ni matini zinazozitumia istilahi hizo, sio istilahi zenyewe. Istilahi iliyofungiwa kamusini ni sawa na mbegu iliyofungiwa ghalani, haioti.

Ni kweli kuwa utafiti wa kimataifa huandikwa kwa Kiingereza, na mwanasayansi Mkenya hana budi kuandika humo ili asomwe na wenzake. Lakini kuandika kwa wenzake hakumzuii kuandika kwa jirani zake. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. UNESCO iliitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani mnamo 2021. Sherehe za siku hiyo hujaa ngonjera na hotuba, na hakuna ubaya. Ubaya ni ngonjera zikiwa mwanzo na mwisho. Lugha hukua inapopewa kazi ngumu. Kazi ya kumweleza mwanachama wa ushirika kule Msambweni namna ya kupata makaa yenye majivu machache ni ngumu, na ni ya heshima kuliko shairi la kumi la kuisifu lugha yenyewe.

Yanayopasa kufanywa

Kwanza, serikali za kaunti za pwani zihesabu vifuu vilivyopo na matumizi yake ya sasa kabla ya kumwalika mwekezaji yeyote. Hesabu isiyowataja wanaopikia vifuu si hesabu. Pili, vyuo vikuu vilivyo karibu na minazi, kama vile Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, vifanye tanuri lililofungwa na lenye kutumia gesi zake kuwa somo la vitendo, wanakemia na wahandisi wakishirikiana. Tatu, ruhusa ya kiwanda chochote itegemee mpango wa maji machafu unaoweza kukaguliwa na wenyeji. Nne, nchi ianze na hatua iliyo karibu: makaa yaliyoamilishwa kwa mvuke kwa ajili ya kuchuja maji, ambayo hayahitaji usafi wa kiwango cha kapasita. Ustadi ukikomaa, ndipo elektrodi ifuate. Anayeruka ngazi huvunjika mguu.

Tano, na hili linawaelekea wanafunzi wa Kiswahili moja kwa moja, vyama vya Kiswahili vyuoni vivuke ukumbi na kuingia maabara. Mwanafunzi wa isimu na mwanafunzi wa kemia wakikaa meza moja kwa muhula mmoja wanaweza kutoa kijitabu cha kurasa ishirini kuhusu uchomaji salama wa vifuu, chenye michoro, vipimo na tahadhari. Kijitabu hicho hakitahitaji ruzuku kutoka ng'ambo. Kitahitaji unyenyekevu wa pande mbili: mwanasayansi akubali kuwa hajaielewa kazi yake mpaka aweze kumweleza mchoma makaa, naye mwanaisimu akubali kwenda kumsikiliza mchoma makaa kabla ya kuunda istilahi, kwani huenda neno analolitafuta limekuwa likitumika tanurini siku zote.

Akiba haiozi, walisema wahenga. Lakini akiba ya kwanza ambayo nchi hii inapaswa kuiweka si ya umeme. Ni ya maarifa yaliyomo mikononi mwa watu wake, na maarifa hayo yataweza tu kuhifadhiwa katika lugha ambayo watu hao wanaitumia kila siku. Vifuu vipo. Moto upo. Maneno yapo. Kilichobaki ni wasomi kuacha kuvitazama kama taka.